"Native": neno la Kiingereza lililofungwa shingoni

Korea Kusini hutoa viza ya kufundisha Kiingereza inayoitwa E-2. Kwa kawaida, ili uipate, shahada peke yake haitoshi. Sharti uwe raia wa mojawapo ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi au Afrika Kusini. Wanaotoka huko ndio wanaohesabiwa kuwa "native speakers". Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, akafanya mitihani yake yote kwa Kiingereza na kusimama mahakamani kutetea wateja kwa lugha hiyohiyo, hana nafasi kwenye orodha hiyo. Yeye si "native".

Babu wa babu yake aliambiwa kinyume. Miaka 100 hivi iliyopita, katika sheria za koloni la Kenya, mzee huyo alikuwa "native", na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kumiliki shamba katika Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu, wala kupiga kura, wala kutembea kutafuta kazi bila kubeba kitambulisho. Neno ni lilelile. Mzee alifungiwa mlango kwa kuwa ni native, na kilembwe wake anafungiwa mlango kwa kuwa si native.

Kamusi zinasema "native" ni mtu aliyezaliwa mahali fulani. Ni kweli, lakini ukitegemea maana hiyo tu hutaelewa mkasa wa watu hawa wawili, maana wote wamezaliwa palepale. Inabidi tulifuate neno lenyewe mpaka lilikoanzia.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini, nasci, yaani kuzaliwa. Kutokana nacho Kiingereza kimepata ukoo mzima wa maneno: nature, maumbile; nation, taifa; na hata naive, lililopitia Ufaransa na kumaanisha mtu asiyejua ujanja wa dunia. Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini katika Uingereza ya zama za kati, umbo la Kilatini nativus lilikuwa pia neno la mahakamani, na huko halikumaanisha mwananchi. Nchi ile ilikuwa na watu huru na watu wasio huru. Wasio huru walizaliwa katika shamba la bwana na walikuwa sehemu ya shamba hilo: shamba likibadilisha mwenyewe, nao wanabadilishiwa bwana. Waandishi wa mahakama waliwaita nativi, waliozaliwa humo. Mmoja wao akitoroka, bwana alikwenda kuchukua hati iliyoitwa de nativo habendo, hati ya kumpata nativus wake, na ofisa wa mfalme katika jimbo akaamriwa amrudishe. Na ardhi aliyoilima mtu huyo, ambayo baba na babu yake waliilima kabla yake, kisheria aliishika kwa hiari ya bwana. Bwana akipenda anabaki, asipopenda anaondoka.

Kwa hiyo ndani ya neno hili zilikaa maana mbili tangu zamani sana. Moja ni mtu wa mahali, mwenye asili yake hapo. Nyingine ni mtu aliyefungwa na mahali alipozaliwa, bila kuwa mwenye mahali hapo. Mimi naona kwamba kila mara neno hili linapotoka mdomoni mwa mwenye nguvu kumwendea asiye na nguvu, maana ya pili ndiyo inayofanya kazi, hata pale msemaji anapodhani anatumia ya kwanza.

Sarufi yenyewe inaonyesha hivyo. Ukisema kwa Kiingereza "I am a native of Lamu", hakuna anayekunja uso. Umetaja kwenu, basi. Ukisema "the native fishermen", msikilizaji ameanza kujiuliza. Ukisema "the natives" na kunyamaza, umetukana. Kinachotofautisha sentensi hizi ni jina la mahali. Likiwepo, native ni mtu mwenye kwao. Likiondolewa, native ni aina ya mtu, na haijalishi tena kama ni wa Lamu, Lagos au Lahore. Mabaharia na wafanyabiashara wa Kiingereza walipoanza kuzunguka dunia karne za 16 na 17, ndivyo walivyolitumia kwa wote waliowakuta, na polepole likaacha kuwa jibu la swali "wa wapi?" likawa jina la daraja. Mwingereza wa Kent aliweza kujiita "a native of Kent" kwa fahari. Serikali yake haikumwandikia sheria ya "natives".

Sisi tuliandikiwa. Sidai kwamba maofisa wa Nairobi walikuwa wakisoma hati za karne ya 13 usiku. Lakini tazama walichokiunda. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 iliifanya ardhi waliyokaa makabila ya Kenya kuwa ardhi ya Taji la Uingereza. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi ya ardhi iliyohusu Wakikuyu, akaamua kwamba sheria hiyo ilikuwa imezifuta haki zozote ambazo wenyeji walikuwa nazo juu ya ardhi, na kwamba sasa walikuwa wapangaji wa Taji kwa hiari ya Taji. Maneno aliyoyatumia, "tenants at will", yana sauti ileile ya shamba la bwana wa kale. Umezaliwa hapa, umekulia hapa, wazee wako wamezikwa hapa, na unakaa kwa kuwa mwingine hajakuondoa bado.

Mwaka huohuo wa 1915 ilipitishwa sheria ya kuwaandikisha "natives", iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya kipande. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na karatasi yake, na karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina lake, kabila lake, kwao, na alama za vidole vyake. Kisha kulikuwa na nafasi za mwajiri: tarehe ya kumwandika kazi, mshahara, tarehe ya kumwachilia, sahihi. Sahihi ya kuachiliwa ikikosekana, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumchukua. Akiondoka bila hiyo alikuwa mtoro, na kwa kuwa kumbukumbu zake zilikuwa Nairobi, alitafutwa, akakamatwa, akarudishwa au akashtakiwa. Hata mshahara ulimfuata, kwa sababu bwana mpya alisoma kile alicholipa bwana wa zamani na kuona hana sababu ya kuongeza. Tofauti na ile hati ya kumrudisha nativus ni kwamba huku mtu alijibebea mwenyewe, kifuani, ushahidi wa kumkamatia.

Watu hawakukaa kimya. Mwanaharakati Harry Thuku alizunguka mwaka 1921 na mwanzoni mwa 1922 akihutubia mikutano dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, na polisi wakafyatua risasi. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mwaka uliofuata, 1923, serikali ya London ilitoa waraka unaojulikana kwa jina la waziri wa makoloni, Duke wa Devonshire. Waraka ulitamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Kiafrika, na kwamba maslahi ya "African natives" lazima yatangulie mbele ya yale ya wageni wahamiaji. Ukiusoma peke yake utadhani neno limerudi kwenye heshima yake: mzaliwa ndiye mwenye nchi. Ila waraka huohuo uliziacha Nyanda za Juu mikononi mwa Wazungu, na mtu aliyeteuliwa mwaka uliofuata kuyasemea maslahi ya natives katika baraza la kutunga sheria alikuwa mmisionari Mzungu, John Arthur. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944.

Kilichonishughulisha zaidi katika historia hii ni swali ambalo sheria yenyewe ilishindwa kulijibu: native ni nani hasa? Kama ni mzaliwa wa nchi, basi mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Nakuru ni native, na hapana aliyewahi kumwita hivyo. Kama ni mweusi wa rangi, Msomali je? Na Mswahili wa Mombasa ambaye ukoo wake unajinasibu na Uajemi au Hadhramaut?

Hili halikuwa fumbo la vitabuni. Native alihukumiwa kwa sheria nyingine, alitozwa kodi nyingine, alilala sehemu nyingine ya mji, hata alipolazwa hospitali alikuwa na wodi yake. Kwa hiyo watu walipigania kutoka ndani ya neno hilo kwa nguvu zao zote. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria ya kuwaondolea baadhi ya Wasomali hadhi ya native katika mambo kadhaa. Ilipokuja sheria mpya ya kodi ya kichwa mwaka 1936, iliyopanga viwango kwa rangi, Wazungu juu, Waasia chini yao, kisha Waarabu na Wasomali, Wasomali wa ukoo wa Isaaq walianza kampeni iliyoendelea kwa miaka kadhaa. Walitaka wahesabiwe pamoja na Waasia. Yaani walidai walipe kodi kubwa zaidi. Walijua wanachokinunua: kodi ilikuwa risiti ya hadhi, na hadhi ilikuwa ndiyo shule, ndiyo hospitali, ndiyo ruhusa ya kusafiri.

Mombasa, Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya wenyeji wa kale wa mji, walijikuta pabaya zaidi. Walikuwa wakazi wa mji huo kabla ya Waingereza na kabla ya Waomani. Hata hivyo, Waarabu walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria miaka ya 1920, Thenashara Taifa walikataliwa kura, kwa hoja kwamba wao si Waarabu. Vyama viligawanyika, majirani waliooleana wakaanza kuhojiana nasaba. Hebu fikiria: watu walioujenga mji wanalazimika kuthibitisha kwamba asili yao ni kwingine ili watendewe kama watu wa heshima katika mji wao. Sheria iliyomdhalilisha mzaliwa ilimfundisha kila mwenye uwezo kujitafutia babu wa ng'ambo, na hadi leo pwani yetu haijamaliza kulipa gharama ya somo hilo.

Tanganyika, gavana Donald Cameron alileta mwaka 1926 sheria ya "Native Authority", ya kutawala kupitia machifu. Hapa neno lilifanya kazi nyingine. Native hakuwa mtu tu, alikuwa mtu wa kabila, na kabila lilikuwa na chifu, na chifu alikuwa na mila ambazo ofisa wa wilaya ndiye aliyeamua zipi ni mila kweli. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, ameeleza kwa miaka mingi kwamba kwa njia hii utawala wa kikoloni haukuwakuta natives ukawaandika, bali uliwatengeneza. Nakubaliana naye. Mfanyabiashara wa Ujiji mwenye mama Mmanyema na mke Mnyamwezi alikuwa mtu wa mji hadi karani alipomtaka ataje kabila moja.

Afrika Kusini ndiko neno lilikochinja kwa wembe mkali kuliko kote. Sheria ya "Natives Land" ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 ya ardhi ya nchi, ikapanuliwa hadi karibu asilimia 13 mwaka 1936. Mwandishi Sol Plaatje alisema kwamba asubuhi moja ya Juni mwaka 1913 native wa Afrika Kusini aliamka akajikuta, kama si mtumwa hasa, basi ni mtu aliyetengwa katika nchi aliyozaliwa. Plaatje alilitumia neno hilo bila aibu. Chama alichokuwa katibu wake wa kwanza, kilichoundwa 1912, kiliitwa South African Native National Congress, na mwaka 1923 ndipo kilipobadilisha jina kuwa African National Congress. Kuondoa "Native" na kuweka "African" kulikuwa tendo la kisiasa. Mwafrika ana bara zima, na ana sauti ya kulisemea. Kenya nayo serikali ilianza kubadilisha maandishi yake baada ya Vita Kuu ya Pili: mabaraza ya "Local Native Councils" yakaitwa mwaka 1950 "African District Councils". Sheria ya kipande ilibadilishwa mwaka 1947 ili iwahusu watu wa rangi zote. Hapo walowezi walipiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni udhalilishaji, tume ikaundwa, na wanaoweza kutoa picha na kujaza fomu wakapewa njia nyingine. Walikuwa wameonja kidogo tu. Neno kipande limebaki midomoni mwetu kwa kitambulisho cha taifa hadi sasa.

Marekani ndiko neno lilikogeuka mara mbili. Ukisikia "Native Americans" leo unawafikiria Wanavajo, Walakota, Wacherokee, mataifa yaliyokuwepo kabla ya Wazungu, na kwa wengi wao native ni jina la madai: tulitangulia, mna deni nasi. Lakini katika miaka ya 1840 kulikuwa na chama kilichojiita Native American Party, na wafuasi wake walikuwa Waprotestanti weupe waliozaliwa Marekani, waliowachukia Wakatoliki wahamiaji kutoka Ayalandi. Ghasia za Philadelphia za mwaka 1844, ambapo makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto, zinaitwa mpaka leo ghasia za "nativists". Wajukuu wa wahamiaji walikuwa wamejipa uzaliwa ili kuwafukuza wahamiaji wapya, huku wazaliwa wa kweli wakiendelea kusukumwa magharibi. Uraia wa Marekani haukuwafikia Wahindi Wekundu wote kisheria hadi 1924.

Ninapofika hapa siwezi kusema kwamba hili ni tatizo la Kiingereza peke yake. Tanzania ilikuwa na mjadala mkali wa "wazawa" miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ambao sauti yake kuu ilikuwa waziri Iddi Simba. Hoja yake, kwamba uchumi unaobinafsishwa usiangukie mikononi mwa wachache na kuwaacha wengi watazamaji, ilikuwa na uzito. Lakini neno lilileta swali lilelile la Nairobi ya 1936: Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kizazi cha nne Tanga, ni mzawa au si mzawa? Nyerere alilikataa swali hilo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge walipotaka uraia ufuate rangi. Aliwaambia waziwazi kwamba huo ni ubaguzi uleule, na akaweka wadhifa wake rehani. Na Rwanda tumeona mwisho wa njia. Wabelgiji waliwafundisha watu kwamba Watutsi ni wageni waliotoka Ethiopia, wakaandika kabila kwenye vitambulisho, na tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akazungumzia kuwarudisha Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka na nusu baadaye mto ulibeba maiti.

Matumizi mengine ni mepesi. Wanabotania huita mmea native pale ulipoota bila kuletwa na binadamu, na kwa kipimo hicho mahindi, muhogo na muarobaini ni wageni Afrika Mashariki sawasawa na miti ya mathenge iliyovamia Baringo, Kenya. Tofauti ni jinsi tulivyopatana nao. Mwaka 2001 mwandishi wa Marekani Marc Prensky aliwaita vijana waliokua na kompyuta "digital natives", na hapo neno ni sifa tupu.

"Native speaker" ni habari nyingine. Wataalamu wa lugha walihitaji jina la mtu aliyeipata lugha tangu utotoni, na hilo ni jambo halisi. Soko la ajira ndilo lililolichukua likalifunga kwenye pasipoti. Hakuna anayemsikiliza Mkenya kwanza ndipo aamue. Anatazama orodha ya nchi, kama karani alivyotazama orodha ya makabila. Kwa hiyo ukiandika wasifu wa kazi kwa Kiingereza, na umekua na lugha hiyo pamoja na Kiswahili na Kiluo, andika kwamba umeitumia tangu utotoni, na usiombe radhi.

Siku hizi mashirika ya kimataifa yamehamia kwenye neno "indigenous", yaani watu wa asili. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu hao lilipitishwa Septemba 2007. Kenya na Burundi zilijizuia kupiga kura. Serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikisema kwamba Waafrika wote ni wa asili, kwa hiyo hakuna wa kutengwa kwa jina hilo. Ni jibu linaloeleweka, baada ya yote tuliyofanyiwa kwa jina la native. Lakini ni jibu linalomfaa zaidi mwenye hatimiliki. Waogiek wa msitu wa Mau, wawindaji na warina asali, walikuwa wakiondolewa msituni tangu enzi za ukoloni, na serikali huru ikaendelea. Walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikawatambua kuwa ni jamii ya asili yenye haki ya ardhi ya mababu zao. Juni 2022 iliiamuru Kenya iwalipe fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na iwape ardhi yao kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 askari waliingia Mau, nyumba zikabomolewa, na Waogiek wakaondolewa tena.